Chunusi za barakoa: kabla hujaongeza krimu nyingine usoni pita hapa kwanza

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Kila siku naona mtu anauliza, navaa barakoa kazini kutwa nzima, kidevu chote kimejaa chunusi, nipake nini? Na kila anayemjibu anataja krimu yake, mwingine sabuni yake, mwingine anamwambia changanya hiki na kile, mwisho wa siku muulizaji anaondoka na lundo la vitu vya kupaka kwenye uso ambao tayari umechoka. Mimi ni nesi kwenye kliniki ya ngozi, sio daktari, na hiyo barakoa naivaa mwenyewe zamu nzima, kwahiyo nitaandika yale tunayowaambia watu kila siku na pale panapotaka daktari nitasema.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mwenye kubisha ajiandae: wengi wenu hamjakosa dawa. Mna vitu vingi mno juu ya ngozi ambayo imefunikwa, imelowa na inasuguliwa. Punguza kwanza, dawa baadae.

Iko hivi. Ukivaa barakoa ukapumua, hewa ya moto haitoki yote, nyingine inabaki hapohapo kati ya kitambaa na ngozi, jasho nalo linaongezeka, ukiongea na mate kidogo yanaingia, basi ngozi inashinda imelowa. Ikilowa muda mrefu tabaka la juu linavimba, kama vidole vya mtu aliyeshinda anafua, na vile vitundu vya mafuta vinabanwa midomo. Joto nalo lina kazi yake, watafiti walishapima tangu miaka ya 1970 wakakuta joto la ngozi likipanda nyuzi 1 tu, mafuta yanayotoka yanaongezeka kama 10% hivi. Wale bakteria wa chunusi wanaoitwa Cutibacterium acnes, ambao kila mtu anao usoni hata awe msafi vipi, wanapenda sehemu yenye mafuta mengi na hewa kidogo, na sasa umewawekea paa. Alafu juu ya yote hayo kitambaa kinasugua kila unapofungua mdomo.

Huo msuguano msiudharau. Mwaka 1975 watafiti wawili wa Marekani, Mills na Kligman, waliandika kuhusu chunusi zinazoletwa na kubanwa na kusuguliwa tu, mfano wachezaji wa futiboli ya kimarekani, pale mkanda wa helmeti unapokaa kidevuni. Na wakati wa ule ugonjwa wa mapafu wa SARS kule Singapore mwaka 2003 wahudumu wa afya wengi walishinda na N95, zile barakoa nzito zinazobana usoni na kuchuja hewa, baadae wakaulizwa, na kati ya waliokuwa wakiivaa mara kwa mara karibu 60% walisema walipata chunusi, nusu hivi muwasho, na zaidi ya theluthi upele. Utafiti huo umetoka 2006. Kwahiyo tatizo lilikuwepo na linajulikana kabla Covid haijatuvalisha wote.

Ndo maana anayedhani ni uchafu tu anajisugua sabuni na skrabu asubuhi na jioni mpaka uso unavutika, na zinazidi. Uso umeshausugua na barakoa masaa nane, unausugua tena na skrabu, upone saa ngapi?

Ngoja niingie zamu, nikitoka naendelea na namna ya kuzijua na namna ya kuzitibu.

#2

Natia nanga hapa. Endelea dada nesi, somo limekuja wakati muafaka.

#3

Barakoa si ziliisha na corona jamani? WHO wenyewe walitangaza mwisho wa dharura Mei 2023. Nani bado anavaa saivi?

#4

Mkuu #3 wewe ni mtu wa ofisini bila shaka. Sisi tunaopaka rangi magari tunavaa zile za mpira zenye vichujio pembeni kutwa, bila hivyo mapafu yanakwisha. Chunusi zangu zimekaa kwenye mstari wa mpira kabisa, yani ukiniangalia unaweza ukachora umbo la barakoa bila kuiona. Na kuna wa maabara, wa viwandani, wanaotengeneza kucha, madaktari wa meno, wote hao hawajawahi kuacha. Mleta uzi utugusie na sisi wa mpira.

#5 (mleta uzi)

Nimerudi. Mkuu #4 nitakugusia, hapo ulivyoeleza kwamba zimefuata mstari ndo dalili yenyewe.

Tuanze na kuzijua. Chunusi za barakoa zinakaa ndani ya mipaka ya barakoa: kidevu, mashavu ya chini, mstari wa taya, pembeni ya mdomo, juu ya pua pale waya unapokaa. Na chunusi ya kweli inakuja na mchanganyiko, utaona vidoti vyeusi, vidoti vyeupe, vipele vyekundu au vya zambarau kulingana na rangi ya ngozi, vyenye usaha, kimoja kidogo kingine kikubwa. Kama huoni huo mchanganyiko simama kwanza, usikimbilie dawa ya chunusi, maana kuna ndugu zake wanaofanana nayo na dawa zao ni tofauti kabisa.

Ikiwa inawasha zaidi ya kuuma, ngozi kavu inabanduka magamba, na umbo limefuata kitambaa au kamba za masikio, hiyo mara nyingi ni aleji au mchubuko wa kemikali. Inaweza kuwa mpira wa kamba, dawa iliyowekwa kwenye kitambaa kiwandani, au sabuni na kilainishi chenye manukato unachofulia. Hapo dawa ya chunusi itakuchoma tu, badilisha aina ya barakoa na sabuni uone. Ikiwa ni vipele vidogovidogo vimezunguka mdomo na pembe za pua, alafu pembeni ya midomo kumebaki mstari mwembamba uliosalimika, hapo nauliza swali moja tu: unapaka krimu gani? Subirini, hii nitairudia maana najua kuna mtu atakuja.

Sasa mchana. Hapa ndo kwenye ushindi mkubwa na ndo watu hawapataki kwa sababu hapana chupa ya kununua.

Barakoa ya kitambaa, tabaka linalogusa ngozi liwe pamba laini, sio nailoni wala poliesta. Ifuliwe kila baada ya kuvaliwa, sio kila wikiendi, kwa sabuni isiyo na manukato, isuuzwe hadi maji yawe meupe kabisa, ianikwe ikauke vizuri. Kuwa nazo kadhaa, ikilowa unabadilisha hapohapo. Ile ya hospitali ya kutupa ni ya kutupa, hakuna kuifua wala kuipulizia spiriti uivae tena, hiyo spiriti inakwenda kukaa juu ya ngozi yako iliyochubuka.

Nitawaambia kitu nimekiona kwa macho. Alikuja dada mmoja, chunusi kidevuni miezi, ameshatumia kila kitu. Nikamwambia nipe barakoa uliyovaa niione. Akaitoa, tukaigeuza ndani nje. Upande wa ndani kulikuwa na tabaka la fondesheni limekauka rangi ya kahawia, pale kwenye kidevu kitambaa kimekuwa kigumu ukikikunja kinabaki kimekunjika, na vile vinyuzi vya pamba vimesimama vimetengeneza vidonge vidonge. Hicho kitu kilikuwa kinamsugua kidevu kila anapomsalimia mteja. Daktari hakumwandikia dawa mpya siku hiyo, alimpunguzia alizokuwa nazo zikabaki mbili na barakoa zikabadilishwa.

Kwahiyo mekapu chini ya barakoa acha. Paka macho, paka nyusi, pendeza juu huku, lakini sehemu inayofunikwa iache tupu. Hakuna anayeiona.

Kabla hujavaa, osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, kwa vidole, bila dodoki, jifute kwa kugusagusa. Paka losheni nyepesi isiyoziba vitundu, subiri kama nusu saa inywe ndo uvae. Wenye uso wa mafuta mnaruka losheni mkidhani mnajisaidia, ila ngozi iliyokauka inachubuka haraka zaidi na kitambaa, losheni ni kinga yako dhidi ya msuguano. Midomo ikikauka paka mafuta ya mgando, lakini midomo tu, msiyapake uso mzima.

Na pumzisheni uso. Madaktari wa ngozi wa Marekani wanashauri dakika 15 kila baada ya masaa 4, mahali salama pasipo watu. Mnawe mikono kwanza kabla ya kuigusa.

Wa N95 na mpira, mkuu #4: usiweke kitambaa wala tishu kati ya barakoa na ngozi, na usipake mafuta mazito pale ukingo unapokaa, kwa sababu ukingo ukiteleza au ukiacha upenyo vumbi na mvuke wa rangi unaingia na hapo tumeharibu kazi ya barakoa. Mpira wako uufute kila ukimaliza kazi kwa namna mtengenezaji alivyoelekeza, ukauke kabisa kabla hujauweka kwenye begi, na angalia saizi, wengi wanakaza mikanda kupita kiasi kwa sababu saizi ni kubwa, wakikaza sana inabana mfupa wa pua na taya badala ya kuziba.

#6

Maelezo mengi yote ya nini, mimi nilikwenda duka la dawa nikapewa krimu moja ya mchanganyiko, ina kila kitu ndani, ya fangasi, ya bakteria na ya kutuliza, siku ya tatu uso msafi kama wa mtoto. Saivi ni miezi sita natumia, nikiacha tu zinarudi, nikipaka zinaondoka. Watu wanapenda kukuza mambo.

#7 (mleta uzi)

Karibu mkuu, nilikuwa nakusubiri wewe.

Hiyo "ya kutuliza" ni steroidi. Angalia boksi, utakuta betamethasoni au klobetaso. Steroidi inazima wekundu na uvimbe haraka, ndo maana siku ya tatu ukaona uso msafi, lakini haijazibua kitundu hata kimoja. Na umeshajieleza mwenyewe bila kujua: nikiacha zinarudi. Hizo zinazorudi siyo zile za mwanzo, hizo ni za steroidi yenyewe. Ukiendelea ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaanza kuonekana, vinyweleo vinaota, na vile vipele vya kuzunguka mdomo nilivyovitaja #5 vinajitokeza. Na chini ya barakoa ni mbaya zaidi, kwa sababu ngozi iliyofunikwa na yenye unyevu inafyonza dawa nyingi kuliko iliyo wazi.

Sikulaumu mkuu, hazikupaswa kuuzwa hivihivi kwa ajili ya uso. Lakini miezi sita ni mingi.

#8

Nathibitisha. Mimi nilipitia hiyo ya #6, nilipoacha uso uliwaka wiki ya kwanza nikatamani nisitoke ndani, mama mkwe akaniuliza nimeungua na nini. Daktari alinipa vidonge vya antibayotiki, doksisaiklini, na kuniambia usipake chochote kingine kabisa, hata losheni nipunguze. Ulitulia, ila ulichukua muda wake.

#9 (mleta uzi)

Asante #8. Haya, dawa za usiku sasa, maana naona mnasukumana.

Nasema usiku makusudi. Dawa nyingi za chunusi zinakausha na kuchoma kidogo, ukizipaka asubuhi alafu ukazifunika na barakoa masaa nane zinachoma mara mbili. Rudi nyumbani, vua, osha uso, uache ukauke, ndo upake.

Ya kwanza ninayoiamini kwa wengi ni adapalini ya 0.1%. Inazuia vitundu kuziba toka chini, yani inashughulika na chunusi ambayo bado hujaiona. Marekani inauzwa bila cheti cha daktari toka 2016, kwingine utaambiwa lete cheti, fuata utaratibu wa ulipo. Kiasi cha ncha ya kidole kinatosha uso mzima, paka sehemu yote inayotoa chunusi, sio kudonoa kipele kimoja kimoja. Wiki mbili tatu za mwanzo usiku mmoja ndiyo usiku mmoja hapana, maana utabanduka kidogo. Ukikauka sana paka losheni kwanza ndo dawa juu yake, haijaharibika kitu.

Ya pili ni benzoili peroksaidi, hii inaua wale bakteria, na uzuri wake bakteria hawaizoei. Msinunue 10% kwa kudhani kubwa ndo kali, ya 2.5% inafanya kazi karibu sawa na inachoma kidogo. Kwa mtu wa barakoa napenda ile ya kupaka dakika chache unaosha. Ila inachujua rangi, taulo, foronya na hiyo barakoa yako ya rangi vitatoka madoa meupe, msije kunilaumu.

Asidi ya salisiliki 0.5% hadi 2% inafaa kwa vidoti vyeusi na ngozi ya mafuta, ni nyepesi zaidi. Niasinamaidi nayo ni mpole, haina ugomvi na mtu.

Msianze mbili wiki moja. Anza moja, izoeleke, ndo uongeze, la sivyo uso ukiwaka hutojua nani kakuchoma. Na subira, chunusi unayoiona leo ilianza kutengenezwa ndani wiki nyingi nyuma, kwahiyo dawa unaipima kuanzia wiki ya 6 mpaka ya 8, kuna wanaofika 12. Mtu anapaka siku tano anasema haifanyi kazi anahamia nyingine, anazunguka hivyo mwaka mzima.

Dawa ya meno, ndimu, magadi, tupeni kule. Ndimu ukiipaka ukapigwa jua inaweza kukuunguza ikakuachia doa jeusi la miezi.

#10

Dada nesi mimi ni mjamzito miezi minne na kazi yangu ni ya maabara siwezi kuacha barakoa, hizo zote nitumie tu?

#11

Na sisi wenye ndevu? Mimi nikinyoa asubuhi nikivaa N95 mpaka mchana shingo na taya zote vipele vinauma.

#12 (mleta uzi)

#10 hongera mama. Hapana, sio zote. Adapalini na ndugu yake tretinoini weka pembeni mpaka ujifungue. Doksisaiklini usimeze. Na isotretinoini, vile vidonge vya chunusi kali, ndo kabisa, hiyo inaharibu mtoto, hata mwanamke ambaye hajabeba akiandikiwa ni lazima awe na njia ya uhakika ya kuzuia mimba na daktari amfuatilie. Kinachokufaa wewe ni asidi ya azelaiki, 15% au 20%, ni salama kwa mjamzito na inasaidia na madoa pia. Benzoili peroksaidi sehemu ndogo inakubalika. Mwonyeshe anayekuhudumia kliniki ya uzazi kabla hujaanza, na mambo ya mchana ya #5 yote ni yako bila shaka yoyote.

#11 kwako nadhani siyo chunusi, ni ndevu zinajikunja kurudi ndani ya ngozi, alafu N95 inakuja kuzikandamiza zikiwa bado na hasira. Nyoa jioni sio asubuhi, uso upate usiku mzima wa kutulia. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu kwanza, nyoa kufuata zinakolala, pita mara moja, usivute ngozi. Najua N95 haitaki ndevu kwa sababu hewa inapita pembeni, kwahiyo kufuga sio suluhisho kama kazi inaitaka hiyo. Wa barakoa ya kawaida ndo anaweza kupunguza kwa mashine akaacha urefu kidogo tu. Na ile adapalini ya usiku inasaidia hata hapo.

#13

Mimi zangu ziko kwenye paji la uso na mpaka pembeni ya nywele, zote saizi moja, zinawasha hatari hasa nikitoka jasho. Nimepewa antibayotiki mara mbili zimezidi. Navaa barakoa na kofia ya kazi.

#14 (mleta uzi)

#13 barakoa haifiki kwenye paji, kofia ndo inafika. Saizi moja, zinawasha, antibayotiki zimezidisha: hiyo inanuka fangasi wa kwenye vinyweleo, anaitwa Malassezia, anaishi kwenye ngozi ya kila mtu na anapenda jasho na mafuta. Antibayotiki inaua bakteria waliokuwa wanamzuia, yeye anabaki na shamba peke yake. Dawa zake ni za fangasi, watu wengi hutumia shampuu ya ketokonazo, unapaka unaacha dakika kadhaa unaosha. Ila nenda uthibitishwe kwanza, daktari anaweza kukwangua kidogo akaangalia kwa hadubini.

Na kwa wote, antibayotiki za chunusi sio za kujiandikia. Klindamaisini ya kupaka haitumiki peke yake, inaambatana na benzoili peroksaidi ili bakteria wasijenge usugu, na vidonge vina kikomo, kawaida miezi mitatu hivi.

#15

Chunusi zangu zilishaisha zamani tatizo ni madoa, kidevu kimekuwa cheusi kuliko uso mwingine, nikivua barakoa naona aibu. Kuna mtu kaniambia nitafute krimu ya kung'arisha.

#16 (mleta uzi)

Hiyo krimu ya kung'arisha isiyo na maandishi ya kueleweka usiiguse, nyingine zina zebaki, nyingine steroidi tena, tutarudi kwa #6 kwa mlango wa nyuma.

Doa linaloachwa na chunusi kwenye ngozi nyeusi ni la kawaida kabisa, sio kovu, ni rangi iliyomwagika baada ya ngozi kuumia, na linafifia lenyewe ila kwa miezi. Kuliharakisha tumia hiyohiyo azelaiki au adapalini, na mafuta ya kukinga jua SPF 30 au zaidi kila asubuhi hata kama sehemu itafunikwa, maana barakoa unaivua. Kwa ngozi nyeusi zile zenye rangi kidogo ndani ni bora, zina oksaidi ya chuma inayozuia na mwanga wa kawaida, sio miale ya UV peke yake, na huo mwanga nao unatia weusi. Kama unafanya kazi na N95 hakikisha haitelezi ukingoni, chagua nyepesi inayokauka.

Na acheni kuminya jamani. Doa nyingi ninazoziona ni za kucha, sio za chunusi.

#17 (yule wa krimu, #6)

Nesi nimeangalia boksi, kweli imeandikwa betamethasoni. Sasa naiachaje? Maana ya #8 imenitisha.

#18 (mleta uzi)

Vizuri umeangalia mkuu. Kwa miezi sita nenda kwa daktari wa ngozi na boksi lenyewe mkononi, usiende ukasema tu "krimu nyeupe". Ataamua kama unaacha moja kwa moja au unashushiwa taratibu, na kama kuna dawa ya kukufunika wakati uso unawaka. Utawaka, hilo jiandae, wiki chache za mwanzo ndo ngumu na ndo watu wengi hurudi kwenye krimu. Wakati huo usianze adapalini wala kitu chochote cha kuchoma, maji na sabuni laini inatosha, na kama kazini wanaruhusu omba upunguziwe masaa ya barakoa kwa muda huo.

Wengine wa kwenda kwa daktari bila kungoja: wenye mavimbe makubwa ya ndani yanayouma, wanaoanza kuona mashimo ya makovu, waliofanya haya yote miezi mitatu hakuna mabadiliko, na uso ukivimba ghafla na homa hiyo ni siku hiyohiyo.

#19

Swali la mwisho kutoka kwangu, zile plasta za chunusi za kubandika, naweza kuvaa chini ya barakoa?

#20 (mleta uzi)

Zile za haidrokoloidi ni nzuri, zinanyonya usaha na zaidi ya yote zinakuzuia kuminya. Bandika usiku kwenye kipele chenye kichwa cheupe, ngozi iwe kavu bila losheni la sivyo haishiki, asubuhi ukikuta imekuwa nyeupe ibandue taratibu. Chini ya barakoa ya kawaida unaweza, inakinga msuguano. Chini ya N95 katikati ya shavu sawa, ila isikae kwenye njia ya ukingo, na wale wanaobandika kwenye mfupa wa pua ili usichubuke lazima wapimwe upya kama barakoa bado inaziba. Kile kikubwa cha chini kisicho na kichwa kinachouma ukikigusa hakitaki plasta, hicho daktari anaweza kukidunga kasindano kadogo kikashuka ndani ya siku chache.